Namba Iliyofutwa kwa Tupa

Mwaka nilipomaliza kidato cha sita, nikawa nyumbani Mandewa, mjini Singida, nasubiri majibu, kazi yangu ilikuwa moja tu: kumwandikia baba barua. Alijua kuandika jina lake na orodha ya vitu vya dukani, lakini barua ya serikali, na hasa fomu ya Kiingereza, ilimtoa jasho kama mtu aliyeitwa shaurini. Barua zote zilikuwa za jambo moja. Baba aliomba ruhusa ya kutoa injini ndogo iliyokuja na gari lake la zamani na kuweka kubwa.

Nimeandika mengi tangu wakati huo. Sijaandika tena kitu kilichosomwa kwa makini kama barua zile, wala kitu nilichokichukia hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, refu, rangi ya maziwa, lenye safu tatu za viti. Lilikuwa limenizidi umri. Baba alilinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na kwa miaka mingi, wakati magari ya watu binafsi mjini kwetu yalihesabika kwa vidole, bibi harusi wa Singida aliyejiheshimu alipanda hilo. Siku ya harusi baba aliamka kabla ya adhana, akaliosha, akafunga utepe kutoka kioo cha mbele hadi ncha ya boneti, akavaa koti lake la kijivu. Akishavaa koti lile hata sisi tulimwogopa. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa binti wa watu.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikafunika uwanja wa mnada, na magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yakaanza kuingia kupitia Dubai, yana redio ya kaseti na vioo vyeusi, yanapita kimya kama watu waliolala. Gari la baba lilisikika kutoka soko la vitunguu. Vijana walikuwa wakiliita mashine ya kukoboa. Mimi pia niliwahi kuliita hivyo, shuleni, mbele ya wenzangu, nikachekwa kwa furaha.

Lakini kilichommaliza baba ni mlima wa Sekenke.

Baba ni Mnyiramba, amezaliwa juu ya mlima huo, pale barabara inayotoka Igunga inapoanza kupanda kwa kona na malori yanaguna kama ng'ombe wagonjwa. Siku hiyo tulikuwa tunamleta bibi harusi kutoka Igunga. Mashangazi walijaa viti vyote, na mimi nimebanwa nyuma kabisa, nimepakata sanduku la nguo. Kona ya tatu injini ikachemka. Baba akashuka, akafungua boneti, mvuke ukamficha. Alipotokeza tena alisema kwa adabu, "Mama zangu, naomba mshuke kidogo, tupunguze uzito."

Wakashuka. Gari likapanda kidogo, likazima.

"Na bibi harusi," baba akasema. Hakumwangalia mtu.

Shangazi mkubwa wa bibi harusi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, akashika kiuno. "Na bibi harusi ashuke? Basi utaolewa wewe, maana ndiye utakayebaki ndani!"

Bibi harusi akapanda Sekenke kwa miguu, viatu vyeupe mkononi, na yule shangazi akatunga wimbo papo hapo, kwamba gari la harusi linapanda kwa miguu yetu. Watoto wa kando ya barabara wakaupokea. Ni watu wa kwao baba hao, wanaomjua kwa jina, baba yake na babu yake. Mbele kabisa, gari tupu lilikwenda polepole na utepe wake, baba ndani peke yake na koti la kijivu.

Baada ya siku ile hakuna aliyemwambia neno. Wenye harusi waliacha tu kuja.

Injini mpya aliipata kwa mfanyabiashara wa spea. Ilitoka kwenye pikapu ya Kijapani iliyokatwa vipande, si-si elfu mbili mia nne, wakati ile ya zamani ilikuwa elfu moja mia sita. Ilikuja imeviringishwa plastiki, pamoja na karatasi zake za forodha. Fundi wa jirani yetu, mtu mwembamba asiyependa maneno, alihangaika nayo wiki tatu. Akakata vyuma vya kushikilia injini na kuvichomea upya, akafupisha propela, akasogeza rejeta mpaka ikagusa grili. Siku ilipowaka, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mlio wake ulikuwa mzito na wa chini. Baba alifumba macho kuusikiliza.

"Sasa sikiliza, mzee," fundi akamwambia. "Kadi yako inasema injini nyingine na nguvu nyingine. Likikupata la kukupata barabarani na mtoto wa watu yumo ndani, hilo si gari tena, ni kesi."

Baba hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Hatambeba bibi harusi yeyote, alisema, katika gari linalosema uongo kwenye kadi yake. Akaliegesha chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba, akalifunika turubai, akaniita nije na kalamu.

Mkaguzi wa magari wa mji wetu alikuwa Msukuma, mtu mkubwa, mcheshi, mwenye kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata. Wasukuma na Wanyiramba ni watani. Asiyetoka huku anaweza kudhani utani ni mizaha tu ya kupitisha muda, kwa hiyo niseme nilichokiona kwa macho yangu. Kwenye msiba wa babu, mzee mmoja wa Kisukuma aliingia nyumbani, akavaa kofia ya marehemu, kisha akatutangulia makaburini akajilaza ndani ya kaburi kabla ya maiti kushushwa. Akasema hatoki mpaka apewe mbuzi. Akapewa mbuzi, akaenda naye kwake, na kofia pia. Hakuna aliyedai. Alikuwa anatania, na alikuwa anamaanisha, yote mawili kwa pamoja, na waombolezaji walicheka huku machozi hayajakauka. Baba alikulia katika sheria hiyo. Neno la mtani kwake lilikuwa na uzito kuliko muhuri.

"Shikamoo, mkaguzi," mimi nilisema siku ya kwanza.

"Marahaba, msomi. Huyu mtumwa wangu ni baba yako? Pole sana."

"Mimi mtumwa wako?" baba akasema. "Mla michembe wewe, viazi vya kukaushwa! Babu yako alilindwa na babu yangu asiliwe na fisi."

"Mla mlenda, unateleza mpaka maneno. Nipe karatasi hizo."

Ofisi nzima ilicheka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila tulipokwenda, na nakiri kuwa kazi yake mtu yule aliijua. Alilala chini ya gari na kaki yake, akatoka na vumbi mgongoni, akasema uzito wa mbele umeongezeka na breki za zamani hazitauzuia. Baba akabadilisha breki. Wakaenda kulijaribu kwenye mteremko, likasimama barabara. Mkaguzi akaandika ripoti, akaiambatanisha na barua yangu na karatasi za forodha, akapeleka yote makao makuu Dar es Salaam, kwa kuwa mkoani hawakuwa na mamlaka ya kubadilisha injini kwenye kadi.

Tukaanza kusubiri. Kila Jumatatu baba alivaa koti la kijivu, akachukua kofia yake mkononi, tukaenda kuuliza. Jibu halijaja. Narudi kuandika barua ya kukumbusha. Jumatatu nyingine, halijaja. Wenzangu walikuwa wameanza kuondoka, mmoja Mwanza, mmoja Arusha, na mimi nilikuwa naandika "Ninayo heshima kukumbusha" kwa mara ya sita. Nilimchukia baba pale kwenye kaunta, jinsi alivyoinama. Nilichukia koti. Nyumbani nilimsomea barua zake haraka makusudi ili asifuatilie, na akiniuliza neno fulani maana yake nini, nilivuta pumzi kabla ya kujibu, kwa sauti, ili asikie kuwa nimechoka naye. Alisikia. Alisema tu, "Basi, wewe unajua."

Jumatatu moja, nadhani ya kumi, mkaguzi alituona tukiingia akajishika kichwa.

"Mtumwa wangu, utaniua! Mimi nitazikwa na wewe utalala kwenye kaburi langu ukiuliza barua." Akaegemea kaunta. "Hebu nikufundishe. Wewe Mnyiramba nenda nyumbani, chukua tupa, futa hiyo namba ya Kijapani. Halafu gonga ile ya zamani, iliyo kwenye kadi. Nitaona namba ileile. Macho ya Msukuma yatajua nini? Sisi tunajua kusoma ng'ombe tu."

Watumishi wakaangua kicheko. Baba akacheka pia. Lakini mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, na nikaona kicheko chake kimekatika mapema kuliko cha wengine.

Tulipofika nyumbani, mama alikuwa anachambua mchele uani. Baba akaketi kwenye kigoda mbele yake.

"Amenipa njia," akasema.

"Nani?"

Akamweleza. Mama akaweka ungo chini. Kwao ni watu wa biashara, babu zao walipanda kutoka pwani na misafara, na mambo ya bara wakati mwingine aliyaangalia kama mgeni. "Mtu anakuchezea akili na wewe unaita njia? Huyo alikutania."

"Wewe hujui utani. Kwenu mnataniana na mabinamu, mnapeana matusi mnakwenda kulala. Mtani akikuambia chukua, unachukua. Mkaguzi ana wakubwa juu yake, hawezi kuniambia wazi. Amepitia hapo."

"Baba watoto, hilo ni kosa la jela."

Baba akanigeukia. "Mama," akaniita hivyo, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo, "wewe ulikuwepo. Umesoma. Alikuwa anatania au alimaanisha?"

Niliyaona macho ya yule mkaguzi wakati anasema. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka na kazi, anayefurahisha wenzake kabla ya saa ya chai. Hapakuwa na kitu nyuma yake. Nilijua hivyo kama ninavyojua sasa. Na nilijua pia kwamba nikisema alitania, kesho nitachukua kalamu, na Jumatatu nitasimama tena nyuma ya koti lile.

"Alimaanisha, baba," nikasema.

Mama aliniangalia muda mrefu. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Jumamosi asubuhi tulifunua turubai. Fundi alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Mimi mkono wangu sitauweka hapo. Lakini vifaa hivi hapa, sijui mnakwenda kufanyia nini." Akatuachia tupa na sanduku dogo la vyuma vya kugongea namba, akaenda kunywa chai na hakurudi mpaka adhuhuri.

Baba aliinama ndani ya gari, akaanza kusugua. Chuma kililia. Vumbi lake jembamba la fedha lilidondoka kwenye mikono ya shati, kwenye vinyweleo vya mkono wake. Namba ile, ambayo nilikuwa nimeiandika katika kila barua mpaka naiandika bila kuangalia, ikaondoka tarakimu moja moja, mpaka pakabaki sehemu laini inayong'aa kama kovu.

"Soma," akasema.

Nikashika kadi. "Nne."

Nyundo.

"Soma."

"Sifuri."

Nyundo. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, mimi nasoma, yeye anagonga, kama mwalimu na mtoto wa darasa la kwanza. Tarakimu ya tano ililala upande. Hata kipofu angeihisi kwa kidole.

"Imekaa sawa?" akauliza. Miwani yake ilikuwa imejaa jasho.

"Imekaa sawa."

Jumatatu baba aliendesha gari mwenyewe mpaka ofisini, kwa mara ya kwanza tangu lile jaribio la breki. Alikuwa amefunga utepe. Nilimwambia autoe, akasema hapana, leo ni siku yake.

Mkaguzi alitusikia, akatoka nje mwenyewe, mkono mmoja nyuma, uso umejaa furaha. "Mtumwa wangu! Leo utanichinjia kuku, na awe jogoo, sitaki vifaranga vyenu vya Iramba."

"Kwani michembe imeisha?" baba akajibu, na sauti yake ilikuwa changa, sikuwa nimeisikia miaka mingi.

"Fungua boneti tuisome namba, nilinganishe na kitu hapa."

Baba akafungua. Mkaguzi akainama, akafuta kwa kitambaa. Akapitisha kidole gumba, mara moja, kisha akarudia taratibu.

"Hii ni nini?"

Baba akacheka. "Namba ileile. Kama ulivyosema."

"Nilisema nini?"

"Nifute, nigonge ya zamani. Nimefuta."

Watumishi wawili waliokuwa mlangoni wakacheka, wakidhani utani unaendelea. Mkaguzi hakucheka. Alisimama wima, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu mwenye cheo.

"Mzee," akasema, "mimi nilikutania."

Miezi yote ile hakuwahi kumwita mzee. Nilimwona baba akilipokea neno lile. Ilikuwa kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa bado ananyoosha mkono.

Mkaguzi akatoa mkono uliokuwa nyuma. Ulikuwa na bahasha ndefu ya kaki. Hakumpa baba, alinipa mimi. "Msomi. Msomee mzee wako."

Nikasoma. Ilikuwa ya Kiingereza, aya mbili. Nikaifasiri huku nasoma, na safari hii nilisoma polepole, maana nilikuwa nikitafuta mahali pa kusimama na sikupaona. Maombi yenu yamepokelewa na kuangaliwa. Breki zimeonekana zinafaa. Injini namba hii, ukubwa huu, imekubaliwa kuwekwa katika gari hili, na kadi irekebishwe. Namba ilikuwa pale, yote, imepigwa chapa kwa wino mweusi, jinsi nilivyokuwa nikiiandika.

"Namba hiyo iko wapi?" mkaguzi akaniuliza. "Nitafutie kwenye injini hii, nigonge muhuri sasa hivi."

"Barua ilikuja lini?" Baba ndiye aliyeuliza.

"Ijumaa mchana. Nikasema nisimtume mtu, nimsubiri mtani aje mwenyewe, nimwone uso atakavyofurahi." Akatikisa kichwa. "Injini isiyo na namba ni injini ya wizi, mzee. Hata ningetaka. Karatasi hii sasa ni ya injini ambayo haipo." Kisha akanigeukia mimi, na hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa kweli. "Na wewe ulikuwepo. Ulidhani nasema kweli?"

Watumishi wote walikuwa wametoka sasa. Walinitazama, mtoto wa kidato cha sita, mwandishi wa zile barua nzuri. Nilichokiogopa wakati ule ni wao kuniona mjinga.

"Hapana," nikasema. "Nilijua ni utani."

Baba hakugeuka kuniangalia. Aliendelea kutazama ndani ya boneti, mkono juu ya chuma, mpaka mkaguzi alipomwambia asogee.

Hakumpeleka mahabusu. Alisema hampeleki mtani wake mahabusu, na alipolitamka tena neno hilo mmoja wa watumishi alicheka puani. Injini ilibaki pale ofisini. Waliing'oa siku ileile, kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya banda, mafundi wawili na kundi la watu waliokuja kuangalia. Baba alishika boneti ili isianguke. Aliwaelekeza nati ipi ilegezwe kwanza ili wasivunje kitu. Barua ya kibali waliipiga muhuri wa kubatilisha, ikaingia kwenye faili, na baba alipoomba aiangalie mara moja tena wakamwambia si mali yake.

Alasiri tulilisukuma gari kurudi Mandewa, mimi na wanaume wanne waliojitolea. Bila injini pua yake ilikuwa imeinuka juu, na utepe bado upo. Baba alikaa kwenye usukani, kwa kuwa lazima mtu ashike usukani. Upepo ulikuwa unatoka kwenye ziwa la mji wetu na vumbi. Watu walisimama milangoni. Mtu mmoja akauliza kwa sauti bibi harusi yuko wapi, mwingine akajibu yuko nyuma, anasukuma, na wale waliokuwa wanasukuma pamoja nami walicheka mpaka mikono ikalegea na gari likarudi nyuma kidogo.

Hakuniuliza njiani. Hakuniuliza jioni ile, wala nilipoondoka kwenda chuo, wala nilipomletea kitabu changu cha kwanza akakishika bila kukifungua. Nimewahi kutamani anipige.

Mama alikuwa amesimama getini. Alikuwa amesikia toka mbali kwamba hakuna mlio. Aliangalia mbele ya gari, akaniangalia mimi, kisha akamwendea baba dirishani.

"Wamesemaje?" akamuuliza kwa upole. "Wamekataa?"

Baba alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Wamekubali."